Kiti cha Ibara ya Saba

Ijulikane kwa wote wanaohusika, na hasa kwa wale wasiohusika hata chembe lakini wanapenda kuchungulia, kwamba Jumapili ya mwisho ya msimu wa kumi, ndani ya duka la kutengenezea redio na televisheni, mbele ya mashahidi watatu na feni moja yenye kikohozi, Karani wa Masjala daraja la pili, Mtunza Kanuni, Mlinzi wa Rekodi na Bingwa wa Kudumu wa Nafasi ya Pili, alikipoteza kwa mkono wake mwenyewe kiti alichokipigania miaka kumi. Hakuna aliyeumia. Soda moja ilimwagika, nayo ilikuwa imeshaisha gesi.

Jina alilopewa na mamake lipo kwenye kitambulisho, limelala humo salama. Huku nje watu wanamwita Ibara. Alilipata pale kazini, kwenye ofisi ya maji, siku alipomrudishia mkurugenzi barua kwa sababu haikuwa na namba ya kumbukumbu.

"Lakini hii barua nimeiandika mimi," mkurugenzi alisema.

"Ndiyo, bosi. Masjala haina habari hiyo."

Masjala yenyewe ni chumba kirefu chenye rafu nne za mafaili, meza moja, na dirisha linalotazama ukuta. Kiti kipo, ila tangu zamani kimebebeshwa mafaili ya malalamiko, maana yale hayana rafu inayoyatosha. Ibara hana habari nacho. Anatembea. Anatoka mlangoni, anapita rafu ya kwanza, anakata kona ya meza, anapinda penye ndoo ya maji, anarudi mlangoni, akisoma barua huku anakwenda, akigonga mhuri huku anakwenda, hata chai anakunywa huku anakwenda. Rangi ya sakafu imefutika pale anapopita. Mhudumu wa usafi anasema ukipanda juu ya meza ukatazama chini, unaona barabara kamili, yenye kona saba.

Mapenzi yake ni Fomula: yale magari ya kiti kimoja, matairi yametokeza nje kama miguu ya panzi, yanayopita yakilia kama nyuki aliyekosewa adabu. Wengine wanapenda mwendo. Ibara mwendo haumshughulishi. Anapenda kitabu cha kanuni. Mchezo gani mwingine, huuliza, mtu anaweza kufika wa kwanza, akamwagiwa shampeni, akalia, akampigia mama yake simu, halafu jioni akaambiwa kwamba ubao wa chini ya gari lake umelika nusu milimita zaidi ya inavyoruhusiwa, kwa hiyo hakufika kabisa?

"Huo ndio uungwana," husema, macho yamemlegea kama ya mtu aliyesikia taarabu.

Na ukitaka kumwona akichemka, mwambie kijana fulani amevunja rekodi ya pointi.

"Rekodi ipi? Ya lini? Zamani mshindi alipewa pointi nane, mbio zenyewe saba kwa mwaka, na matokeo yako mabaya yanatupwa. Leo mshindi anapata ishirini na tano, mbio zimepita ishirini, na hakitupwi kitu. Huyo hajavunja rekodi. Amepandishiwa mshahara!"

Watu walishajifunza kutomwambia. Isipokuwa Fundi, ambaye humwambia kila Jumapili.

Fundi ndiye mwenye duka, mtu mfupi mwenye tumbo la kuridhika na vidole vyembamba visivyolingana na hilo tumbo. Mwenzake ni Mwalimu wa hesabu wa sekondari ya jirani, mpole, mwenye chaki kwenye nyusi hata siku za likizo. Hao watatu ndio walioanzisha Ligi ya Utabiri. Kabla ya kila mbio, kila mmoja anaandika daftarini madereva sita atakaoingia wa kwanza, kwa mpangilio. Dereva uliyempatia nafasi yake, pointi tatu. Ukiwapatia wote sita unaongezewa mbili, zinakuwa ishirini. Hiyo ya ishirini inaitwa sita kamili, na katika misimu tisa ilikuwa imepatikana mara tatu tu; moja kati ya hizo Fundi alikuwa amelewa dawa ya mafua.

Pesa haichezwi. Kinachochezewa ni Kiti.

Kiti hicho Fundi alikiokota nyuma ya jengo la ofisi lililokuwa likibomolewa: kiti cha meneja, cheusi, chenye mikono miwili, mgongo mrefu, na chuma cha pembeni ambacho ukikivuta unapanda juu taratibu kama mtu anayeteuliwa. Viti vingine dukani ni stuli ya plastiki iliyopasuka, kreti la soda na boksi la spika. Bingwa wa msimu anakalia Kiti msimu mzima unaofuata. Mwingine haruhusiwi kukikalia, kukiegemea, wala kukitundikia koti. Hiyo ni ibara ya kwanza.

Ibara zote kumi na tatu aliziandika Ibara mwenyewe, kwa wino wa bluu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari gumu lenye kurasa mia mbili. Kurasa alizipa namba mwenyewe, na nyuma akaandika, "Daftari hili lina kurasa mia mbili," akatia saini, asije mtu akachana.

Katika misimu tisa, Fundi alichukua Kiti mara tano na Mwalimu mara nne. Ibara alikuwa wa pili mara saba na wa tatu mara mbili. Wa pili kati ya watatu, jamani! Mkewe alimwambia hayo ni maendeleo, maana wa mwisho angekuwa nani.

Msimu wa kumi nyota ikamwakia. Kila alichoandika kilitimia. Akaongoza tangu mwezi wa pili wa mbio, akaanza kutembea akiwa amejaza kifua, akaanza hata kumwita Fundi "bingwa mtarajiwa wa zamani". Aliyekuwa akimfuata kwa mbali alikuwa mwanachama mpya: shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi wa wodi ya mifupa.

Shemeji aliingia kwenye ligi kwa bahati mbaya. Alikuja dukani kuchukua redio ya wodi, akawakuta wanabishana, akauliza kila mtu anagombania nini. Alipoonyeshwa Kiti, akakitazama kama mtu anavyotazama chakula.

"Na wanawake mnaandikisha?" akauliza.

Ibara akapekua ibara zote kumi na tatu. Hapakuwa na katazo. "Kanuni haikukutaja," akasema. "Kwa hiyo umo."

Kumbuka maneno hayo.

Zikabaki mbio mbili. Ibara alikuwa na pointi mia moja arobaini na mbili, shemeji mia moja thelathini na moja. Mbio za kabla ya mwisho zilikuwa mashariki ya mbali, huko jua linakochomoza sisi bado tunakoroma, kwa hiyo kwa saa zetu zilianza saa mbili asubuhi. Kwa mbio za namna hiyo wenyewe walikuwa na desturi ya kuandika utabiri Jumamosi. Jumamosi hiyo shemeji hakuandika; alikuwa na zamu, na baadaye tena zamu.

Jumapili asubuhi Fundi alikuwa juu ya Kiti, Mwalimu juu ya boksi la spika, na Ibara akizunguka stuli. Mbio zikaanza, zikaisha kabla ya saa nne. Ibara alipatia wawili, pointi sita, zikawa mia moja arobaini na nane. Fundi na Mwalimu walikuwa mbali huko nyuma, vumbi tupu. Ibara akavuta pumzi ya mtu aliyeanza kuona mlango wa nyumbani.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa duka. Shemeji aliingia na sare yake ya kazi, macho mekundu, viatu vyeupe vimepoteza weupe.

"Shikamooni."

"Marahaba. Pole na kazi," Mwalimu akasema. "Umechelewa, mwanangu, zimekwisha."

"Najua. Nimeziangalia zote kwenye simu ya mgonjwa wa kitanda cha nne. Kavunjika mguu lakini anashangilia nao." Akanyoosha mkono. "Shemeji, naomba daftari."

"La nini?"

"Niandike utabiri wangu."

Ibara akacheka. Alicheka peke yake. "Shemeji, utabiri ni wa jambo ambalo halijatokea."

"Hiyo ni ibara ya ngapi?"

Feni ilikohoa. Shemeji akalichukua daftari mwenyewe, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa ile sauti ya kusomea wagonjwa majina: "Ibara ya saba. 'Kila mwanachama ataandika utabiri wake daftarini kabla ya saa tisa.' Mwalimu, sasa hivi saa ngapi?"

Mwalimu akaitazama saa yake kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali rahisi baada ya muhula mzima wa maswali ya kijinga. "Saa nne na dakika kumi na saba."

"Basi mimi nimewahi."

Akaandika majina sita, yote kwa mpangilio uleule uliokuwa bado kwenye skrini mbele yao, akakopi hadi herufi kubwa. Sita kamili. Pointi ishirini. Mia moja hamsini na moja.

Fundi alicheka mpaka Kiti kikazunguka mara mbili na kumrudisha alipokuwa.

"Haiwezekani!" Ibara alisema. "Huu ni wizi wa mchana!"

"Wa asubuhi," Mwalimu akamsahihisha.

"Saa tisa imeandikwa kwa ajili ya mbio za alasiri! Kila mtu anajua!"

"Kila mtu anajua," Fundi akasema, akifuta machozi, "ila kanuni haijui. Wewe mwenyewe si ulinifutia pointi tisa msimu wa nne kwa sababu niliandika jina la utani la dereva? Eti kanuni haimjui Kofia ya Njano!"

"Na mimi," Mwalimu akadakia, mpole lakini alikuwa amelitunza, "nilifutiwa kwa kuandika na penseli."

"Penseli inafutika!"

"Ikafutika kweli. Uliifuta wewe."

Ibara alizunguka stuli, akazunguka kreti, akasimama. "Uamuzi utatolewa," akasema, "kwa mujibu wa ibara ya kumi na tatu, ndani ya siku kumi na nne." Akakumbatia daftari kama mtoto aliyeanguka, akatoka.

Siku kumi na nne ni nyingi kwa mtu asiyetulia. Hesabu aliijua hata usingizini. Akiukataa utabiri wa shemeji, yeye ana mia moja arobaini na nane na huyu mia moja thelathini na moja, na mbio moja ya kumalizia. Ataingia na Kiti mfukoni. Akiukubali, yuko nyuma kwa pointi tatu, na roho juu. Na mwamuzi ni nani? Ibara ya pili: "Mwamuzi wa mwisho ni Mtunza Kanuni." Kwa kifupi, alikuwa ameulizwa kama anapenda kushinda, na kuambiwa ajibu mwenyewe.

Kazini alianza kuharibu. Barua ya mabomba yaliyopasuka aliiweka kwenye faili la likizo, na ombi la likizo la mhasibu akaliweka kwenye mabomba, likapelekwa huko na kupangiwa fundi. Alizunguka masjala kwa kasi hadi mhudumu wa usafi akamwuliza kama leo kuna mvua, maana ameona anakata kona kwa kuteleza.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mkewe ni mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni, karibu na meza, na Ibara alikuwa akiizunguka meza.

"Baba, kaa chini. Unanitia kizunguzungu, nimeshona mkono wa gauni kwenye kiuno."

"Nafikiri."

"Fikiri umekaa."

"Mdogo wako amenimaliza."

"Mdogo wangu amesoma ulichoandika. Ningekuwa mimi ningeshukuru kupata msomaji."

Jumatano shemeji mwenyewe alikuja kumwona dada yake. Alivua viatu, akaomba beseni la maji ya uvuguvugu, akatumbukiza miguu, akafumba macho. Ibara akampitia mbele, akampitia nyuma.

"Shemeji," akasema hatimaye, "niambie ukweli. Ulikuwa unatania?"

"Mwanzoni, ndiyo. Lakini mlivyonitolea macho, nikaona kumbe inawezekana."

"Kiti cha nini kwako? Wewe hata mbio zenyewe huzijui. Juzi umemwita dereva 'yule mwenye masikio'."

Hakufumbua macho. "Wodini kwetu tuna viti viwili. Kimoja cha daktari. Cha pili kina miguu mitatu. Nasimama saa kumi na mbili, shemeji, halafu nakuja kwenye duka la Fundi nakalia kreti. Mnavyobishana nyinyi kuhusu pointi, mimi nasikia kreti tu." Akachezesha vidole majini. "Wewe unasimama kwa kupenda. Usitufananishe."

Ibara alizunguka meza mara nne zaidi, lakini polepole.

Jumamosi asubuhi, mkewe akiwa ameenda kununua nyuzi, Ibara aliweka daftari mezani, akafungua ukurasa wa kwanza, akasogeza uso karibu. "Kabla ya saa tisa." Hapo hapo akaona alichokuwa hajakiona miaka yote kumi.

Siku moja ina saa tisa mbili. Iko ya alasiri, na iko ya usiku.

Na yeye hakuandika ipi.

Saa tisa ya usiku! Kwa mbio za alasiri, ichukue ya alasiri. Kwa mbio za asubuhi, ichukue ya usiku. Shemeji kachelewa kwa saa saba na dakika kumi na saba, kwaheri. Ingetosha neno moja dogo. Baada ya "tisa" palikuwa na nafasi mpaka ukingoni mwa karatasi. "Alasiri" lisingeingia, lingening'inia nje. "Usiku" lingekaa kama limeshonewa. Na ile kalamu ya wino wa bluu, ileile, alikuwa nayo bado. Mtu wa masjala hatupi kitu.

Akaitoa kifuniko. Akaijaribu kwenye pembe ya gazeti: usiku, usiku, usiku. Rangi ile ile.

Lakini karani ni karani. Hata akitaka kughushi, kwanza anakagua kumbukumbu. Akaanza kupekua misimu ya nyuma, ahakikishe hakuna ukurasa utakaomsuta. Msimu wa kwanza, safi. Wa pili, wa tatu, wa nne na penseli ya Mwalimu, wa tano, safi. Msimu wa sita, ukurasa wa mia moja na kumi na nane, mbio zilezile za mashariki ya mbali, akaukuta mwandiko wake mwenyewe:

"Utabiri wa Mtunza Kanuni. Umeandikwa saa tatu na dakika tano asubuhi. Umekubaliwa kwa mujibu wa ibara ya saba."

Alikuwa ameusahau kama mtu anavyosahau mahali alipomzika paka wa jirani. Ukamrudia wote. Jumamosi ile alisahau kuandika. Jumapili alifika dukani mbio ziko nusu, aliyekuwa akiongoza ameshagonga ukuta, na Fundi na Mwalimu wamempa mgongo, macho kodo kwenye skrini. Akalichukua daftari taratibu, akawaandika waliokuwa mbele, akapata pointi tisa. Mwisho wa msimu akawa wa pili, akimzidi Mwalimu kwa nne.

Mlango ukalia. Mkewe akaingia na nyuzi zake, akamtazama yeye, kalamu, na gazeti lililoandikwa usiku, usiku, usiku.

"Unaandika nini?"

"Sijaandika."

"Basi funika kalamu, itakauka."

Akaifunika. Kuuchana ukurasa alikufikiria, kwa muda wa kuzunguka meza mara moja. Lakini kurasa zilikuwa mia mbili, na saini ya nyuma ilikuwa yake.

Jumapili ya mwisho mbio zilikuwa saa kumi jioni. Wote wanne walikuwa wameandika mapema, Fundi akishikilia saa mkononi kwa dharau. Ibara akasimama mbele ya televisheni, akakohoa, feni ikamjibu.

"Uamuzi," akasema. "Utabiri wa shemeji umekubaliwa."

Fundi akapiga makofi. Shemeji akaacha kutafuna.

"Sababu. Ibara ya saba inasema saa tisa, na saa tisa ilikuwa haijafika. Halafu," akafungua daftari, "kuna uamuzi wa awali. Msimu wa sita, ukurasa mia na kumi na nane. Mimi mwenyewe niliandika mbio zikiwa nusu. Kama ilikuwa halali kwangu, ni halali kwake. Kuanzia msimu ujao ibara itasomeka: kabla gari la kwanza halijaondoka."

Mwalimu alinyanyuka kwenye boksi la spika, taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa redioni.

"Msimu wa sita? Ule ulionizidi kwa nne?"

"Huo."

"Na mbio hizo ulipata ngapi?"

"Tisa."

Nyusi za Mwalimu zikadondosha chaki. "Mimi nilikuwa wa pili!" akapaza sauti, yeye ambaye hata darasani hapazi. "Miaka minne naambiwa wa tatu! Nimemwambia mke wangu mimi ni wa tatu! Fundi, nilikuwa wa pili!"

"Wa pili kati ya watatu," Fundi akasema. "Hongera sana."

"Basi mimi nasema siyo halali! Yake na ya shemeji, zote zifutwe!"

"Ukifuta, Ibara anachukua Kiti leo."

Mwalimu akafikiri. Ilionekana wazi kwamba kati ya kumnyima Ibara Kiti na kumnyang'anya nafasi ya pili ya miaka minne iliyopita, alitamani vyote, na kanuni hazikumruhusu. Akakaa. "Lakini iandikwe," akanung'unika. "Pembeni. Kwa wino."

Mbio zikaanza. Sitakusimulia mizunguko yote hamsini na ushei. Ibara aliitembea yote, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la vipuri na kurudi. Kufika mizunguko mitano ya mwisho, shemeji alikuwa amepatia wawili na Ibara wawili. Yule mwenye masikio alikuwa wa tano. Mbele yake, wa nne, palikuwa na gari lililoanza kutoa moshi mwembamba, ule wa mtu anayevuta sigara kwa kujificha.

"Lifie hapo hapo," Ibara alilinong'oneza gari. "Lifie, baba, lifie."

Likafa kwenye kona ya mwisho kabisa. Mwenye masikio akapanda wa nne, na kwenye daftari Ibara alikuwa amemwandika wa nne. Watatu. Pointi tisa!

Fundi aliruka, soda ikamwagika. Mwalimu alikuwa ameshajumlisha. "Mia moja arobaini na nane na tisa, mia moja hamsini na saba. Shemeji, mia moja hamsini na moja na sita..." Akainua kichwa. "Mia moja hamsini na saba. Mmefungana!"

Wote wakamgeukia Ibara. Yeye alikuwa amesimama, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hatembei. Alijua ibara ya kumi na moja. Aliiandika yeye, akiwa na furaha, akaitoa moja kwa moja kwenye mchezo wenyewe, ambako wakilingana pointi huangaliwa nani ana ushindi mwingi. Akaifungua hata hivyo, akaisoma neno kwa neno, maana kanuni haisomwi kwa kichwa.

"'Wakilingana, bingwa ni mwenye sita kamili nyingi zaidi.'" Akafunga daftari. "Mimi msimu huu sina. Shemeji anayo moja."

Hakuna aliyeuliza ya mbio zipi.

Fundi akashuka kwenye Kiti, akakipangusa kwa kitambaa cha kufutia skrini, akakisogeza mbele. Shemeji akakaa. Kiti kilitoa pumzi ndefu chini yake. Akavua viatu, kimoja halafu cha pili, akainua miguu juu ya kreti la soda, akavuta chuma cha pembeni, akapanda juu taratibu. Wakati mshindi kwenye televisheni anamwagiwa shampeni, bingwa wa msimu wa kumi alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kofia ya uuguzi imemteremkia kwenye jicho.

Ibara akaandika jina lake kwenye orodha ya mabingwa ndani ya jalada la nyuma. Aliandika "Shemeji", akasita, akaongeza "(wangu)". Kisha, pembeni ya ukurasa wa mia moja na kumi na nane, kwa wino, akaandika lile la Mwalimu. Kisha akaanza tena kutembea, mlangoni, kabatini, mlangoni.

Fundi alimtazama. Huruma haikuwa fani yake, lakini alijitahidi.

"Ibara, ndugu yangu. Miaka kumi. Ungesema hapana moja tu, leo ungekuwa umekikalia. Huumii?"

"Mimi mbio huwa natazama nimesimama."